Kwa Harmen Oldekamp, Kocha Aliyemtoa Lubbert Dakika ya Sitini na Moja

Baba, mwaka umezunguka. Leo ni tarehe kumi na tisa Oktoba, siku uliyovaa kiatu kimoja, ukaketi kwenye ngazi na kumwambia Mama, "Geesje, hebu ngoja kidogo." Hukunyanyuka tena. Mama alingoja. Kuna asubuhi tunamtazama na kuona bado anangoja.

Tunakuandikia hapa kwenye jarida la klabu ya Zandwolde, ukurasa huu wa marehemu ambao wewe uliusoma kabla ya matokeo. "Nione kwanza nani katolewa uwanjani," ulikuwa ukisema. Ukimaliza ulivua miwani, ukaifuta, kisha ukageukia msimamo wa ligi.

Tunakumbuka koti lako refu la kijivu ambalo Mama alilificha mara tatu na mara tatu ukalipata. Tunakumbuka pipi zako nyeusi za chumvi, ulizozitafuna benchini mpaka meno yakawa kama ya mchimba mboji. Kila ulipofika uwanja wa ugenini, mtu wa kwanza uliyemsalimia alikuwa dereva wa basi la wenyeji, kwa sababu, ulisema, dereva hana sababu ya kukudanganya. Jumapili ulimenya viazi ukavipanga mezani mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu, na kabla hujaeleza chochote Mama alishamchukua beki wa kushoto na kumtia sufuriani.

Ulikuwa beki wa kulia. Ulianza hapa hapa ukiwa na miaka kumi na saba, asubuhi kiwandani kwenye wanga wa viazi, jioni mazoezini. Ulicheza misimu kumi na moja magharibi mwa nchi, kwa watu ambao, ulisema, wanaongea hata wakiwa wanapiga mswaki. Ulifunga mabao manne maisha yako yote, na moja lilikuwa kwenye lango la kwenu. Goti la kushoto likakurudisha nyumbani. Ukasomea ukocha, ukapewa timu ya Zandwolde, na katika msimu wako wa sita ukaifikisha mahali ambapo haikuwahi kufika: siku ya mwisho, mechi moja tu kati yetu na ligi kuu.

Hiyo mechi hukutaka itajwe nyumbani. Mwaka huu tumelazimika kuitaja, kwa hiyo tuvumilie.

Walikuja Barkenes, jirani zetu wa ng'ambo ya mfereji. Wao sare iliwatosha. Sisi tulihitaji kushinda. Mabao yalikuwa moja kwa moja. Dakika ya sitini na moja ukamtoa Lubbert Wieringa, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mabao kumi na saba msimu ule, mpiga penalti wetu. Uwanja mzima ulisimama. Lubbert alitoka akikutukana, akapiga teke chupa za maji mbele ya miguu yako, na mpiga picha akaipata ile picha ambayo wote wanaijua. Dakika ya sabini na nane tukapewa penalti. Nahodha akaupeleka mpira juu, ukaenda kuelea mferejini. Barkenes wakapanda. Miezi miwili baadaye ukasaini kuwafundisha Barkenes.

Watu wa Drenthe, mkoa wetu huu, hawana maneno mengi, lakini mwenye neno nawe atakuja kulisema usoni. Walikuja. Waliuliza kantini, waliuliza kanisani, mmoja aliuliza ukiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Jibu lako lilikuwa lilelile: "Kocha ni mimi." Basi wakajijibu wenyewe. Wakasema umewauzia Barkenes mechi kwa kazi. Mtu akaandika MSALITI kwa chaki kwenye njia yetu, na wewe ukatoka na ndoo ukaosha huku ukipiga mluzi.

Sisi watoto tulikutetea, Jurjen kwa ngumi, Roelien kwa kulia. Mama hakukutetea wala hakukushtaki. Tulidhani ni utulivu wake. Hatukujua alilokuwa amelibeba.

Alhamisi kabla ya mechi ile simu ililia sebuleni, na aliyepokea ni Mama. Mwenyekiti wa Barkenes alijitaja jina bila wasiwasi, akaomba kuongea nawe. Ulichukua simu, ukageukia dirisha, ukasema "ndiyo" mara mbili na "tutaona" mara moja. Kisha ukarudi mezani kumalizia supu yako ya njegere. Hukumwambia neno. Yeye hakuuliza. Miaka kumi na tisa, Baba, alilala kando yako akijua jambo ambalo mji mzima ungelipenda kulijua, na hakulitoa hata kwa dada yake.

Ulipofariki, Wolter Eising alifika kabla ya daktari. Ndiye jirani wetu wa kwanza, mlango wake unatazamana na wetu, na jirani wa kwanza ana kazi zake. Tangu mechi ile hakuwa amekusalimia. Mlikata ua uleule wa miti kila mwaka, yeye upande wake na wewe upande wako, mikasi ikikaribiana, bila hata "habari za asubuhi". Lakini siku ile alizunguka kwenye baiskeli nyumba kwa nyumba kutangaza msiba, akapanga wabebaji sita wa jeneza, na yeye mwenyewe, kama desturi ilivyo, mbele upande wa kulia.

Mlangoni mwa kanisa jeneza likiwa tayari kunyanyuliwa, Wolter akarudi nyuma hatua mbili. Akavua kofia. Na mahali pake akasimama Lubbert Wieringa, ambaye si jirani yetu, anakaa mwendo wa saa nzima kutoka hapa.

Mama akambana Roelien mkono mpaka kucha zikaingia.

"Umeona? Hata maiti hataki kuibeba."

"Mama, polepole, watu wanasikia."

"Wasikie. Miaka yote hiyo nimempelekea mikate ya mwaka mpya, leo ananiachia jeneza mlangoni."

"Na huyu Lubbert kafuata nini?"

"Kaja kuhakikisha kama kweli amekufa."

Kwetu kumwacha jirani yako mlangoni ni jambo ambalo wajukuu hulisimulia. Mama alirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: mtu aliyekaa na hasira miaka kumi na tisa, na hata kifo hakikuifuta, basi lazima anajua kitu. Na kama Wolter anajua kitu, ni nini kingine isipokuwa ile simu?

Hapo ndipo mwaka wetu ulipoanzia.

Wolter alifagia majani kwenye njia yetu. Mama akasema, "Anafagia dhamiri, si majani." Theluji ilipoanguka Januari aliisukuma mpaka kizingitini kwetu kabla hatujaamka. Mama akasema, "Anataka kuona nani anaingia humu." Akaleta kiroba cha viazi, akakiacha nyuma ya nyumba bila kubisha. Mama akavimenya vyote akivichunguza kimoja kimoja. Unajua mapazia yetu hayafungwi, hakuna pa kujificha, kwa hiyo ili amtazame vizuri alijifanya anamwagilia ua la dirishani. Mpaka Machi ua lile lilikuwa limekufa kwa maji.

Jurjen alimwambia, "Mama, mwite kahawa, muulize, mmalizane."

"Nimuulize nini? Nikiuliza, atajua najua."

"Unajua nini?"

"Hakuna. Kunywa kahawa yako."

Tukaanza nasi kushuku. Jurjen alimshuku Wolter. Roelien, tunakiri, alianza kukushuku wewe, Baba. Alifungua droo zako bila kukuomba ruhusa. Alikuta mazoezi uliyoyachora ya timu ya wanawake, ile uliyoifundisha kila Jumanne miaka tisa ya mwisho, na miwani minne iliyovunjika. Alizifunga droo akiona haya, ila hakuacha kushuku.

Agosti klabu ikaleta barua. Walikuwa wanajenga jukwaa jipya upande wa mfereji, na kamati ilitaka kuliita kwa jina lako, kama familia itakubali na mkutano wa wanachama wa Oktoba ukaridhia. Tulidhani Mama atafurahi. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Wamechoka kuandika kwa chaki," akasema. "Sasa wanataka ukuta."

"Mama, hii ni heshima."

"Heshima ya nani? Wakilipaka rangi Jumamosi, Jumapili yake kuna mtu atakwenda kulimalizia. 'Oldekamp, msaliti.' Mimi nipite pale na baiskeli kila siku nikisoma?"

Jurjen akakasirika. "Kwani wewe unaamini aliiuza?"

Mama alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Hatujawahi kuogopa kimya cha mtu kama siku ile. Hapo tukaelewa kwamba habari haikuwa jukwaa. Mke wako hakuwa na uhakika nawe, na akilikataa jina lako mbele ya mji, mji ungesema hata mkewe alijua.

Zilipobaki siku kumi kabla ya mkutano, Jumamosi saa nne, saa ya kahawa, Wolter akaingia kwa mlango wa nyuma kama majirani waingiavyo. Nyuma yake alikuwa Lubbert, amenyoa, amevaa shati la kwenda kanisani. Mama akamwekea Lubbert kahawa na biskuti. Kwa Wolter hakuweka kitu.

"Kaa," Mama akamwambia Lubbert. "Wewe Wolter unaweza kusimama, umezoea kurudi nyuma."

Wolter akasimama kweli.

"Bi Oldekamp," akasema Lubbert, "nimekuja kusema jambo. Nilipaswa kulisema mwaka jana mlangoni mwa kanisa. Nikashindwa."

"Unashindwa sana, naona."

"Ndiyo," akasema. "Ndicho nilichokuja kukieleza."

Akaeleza akiitazama biskuti, wala hakuigusa. Siku ya mechi ile, wakati wa mapumziko, ulimkuta amejifungia chooni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Alikuambia, "Kocha, siuoni mpira. Nasikia watu tu. Nitoe." Ukakaa chini, kwenye sakafu yenye maji, upande wa pili wa mlango. Ukamwambia, "Nipe robo saa. Ukishindwa, vuta soksi juu, nitakutoa. Hakuna atakayejua."

"Nilivuta soksi dakika ya sitini," akasema Lubbert.

"Na yale matusi?" Mama akauliza upesi. "Na chupa? Nilikuwa pale. Nilikuona. Mtu anayeomba kutolewa hapigi chupa teke."

"Ni yeye aliyeniagiza. Nilipofika kwenye mstari akaninong'oneza, 'Toka umenuna. Nitukane. Piga kitu teke.' Nikasema siwezi. Akasema, 'Lubbert, ukitoka umeinamisha kichwa, kesho watajua. Nitukane, mjinga wewe.' Nikamtukana."

Wewe unajua jinsi Mama anavyosikiliza, kichwa upande, kama anaonja chumvi.

"Hadithi nzuri," akasema hatimaye. "Nzuri mno. Marehemu hawezi kuikanusha. Kamati ndiyo iliyokutuma, ili nikubali jukwaa?"

"Hapana, Bi Oldekamp."

"Basi kwa nini ulikaa kimya miaka ishirini?"

Hapo Lubbert akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kwa sababu ilinifaa. Mimi nilikuwa kijana aliyedhulumiwa. Klabu zikanichukua kwa sababu ya ile picha. Kila mwaka nilimpigia nikamwambia nasema sasa. Akasema ngoja uache kucheza. Nikaacha. Akasema ngoja watoto wako wamalize shule, wenzao watawacheka. Halafu nikazoea. Huo ndio ukweli, sina mzuri zaidi."

Ukweli mbaya namna hiyo Mama aliuamini. Mtu anayetunga hadithi, alituambia baadaye, angejipamba kidogo.

Akamgeukia Wolter. "Na wewe? Ulikuwa unajua?"

"Tangu asubuhi ya mazishi," akasema Wolter. "Alikuja zizini kwangu akaniomba nimpishe abebe. Nikamwambia asiye jirani habebi. Ndipo akanieleza kwa nini. Geesje, nilikuwa nimekaa miaka kumi na tisa sijamsalimia yule mtu. Ningeshikaje jeneza lake mbele ya huyu? Nikampisha."

"Ungeniambia!"

"Aliniapisha. Alisema atakuambia mwenyewe wiki ile. Nami nikangoja. Nikafagia."

"Ulifagia," Mama akasema. "Na mimi niliua ua langu kwa ajili yako, ng'ombe wewe. Kaa chini."

Akamwekea kahawa. Akaijaza mpaka ikamwagika sahanini, na Wolter akajifanya anatazama saa.

Kisha Mama akafanya jambo ambalo sisi wanawe hatukulitegemea. Akawaeleza habari ya simu ya Alhamisi. Ndiyo mbili, tutaona moja. Tulikuwa tunaisikia kwa mara ya kwanza. Jurjen aliweka kikombe chini kwa nguvu hata kikavunjika mkono wake.

Wolter akafikiri, kisha akasema, "Huenda walimwita kazini kabla ya mechi."

"Huenda."

"Hilo halibadilishi kilichotokea chooni."

"Halibadilishi. Lakini angeniambia." Akapangusa macho kwa ncha ya aproni. "Kijana wa watu alimfungulia roho kupitia mlango wa choo. Mimi niliyekuwa naye meza moja hakuniambia hata nani amepiga. Hilo nitamuuliza mwenyewe nikifika, na asidhani nitaanza kwa salamu."

Kwa hiyo jiandae, Baba.

Mkutano wa wanachama ulifanyika kantini, watu wamejaa mpaka kwenye mapipa ya bia. Lubbert alisimama akasimulia yote, na ametuomba tuyaandike hapa kwa jina lake. Alipofika kwenye soksi, mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mungu wangu, na mimi nilimtupia yule mtu bia." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akataka kupiga kura ya jukwaa hapo hapo, mikono ikaanza kunyanyuka, ndipo Mama akasema bado yeye hajajibu barua.

"Jukwaa hapana," akasema. "Mlimzomea mkiwa jukwaani. Leo mnalia, kesho mtamzomea mwingine mkiwa mmekaa juu ya jina la mume wangu. Siwaamini."

"Geesje, sasa jina tuliweke wapi?"

"Kwenye kibanda cha benchi la wageni."

Kantini ikavuma kama mzinga wa nyuki. "La wageni?" mwenyekiti akauliza. "Lakini mama, hapo watakaa Barkenes!"

"Najua ni nani watakaa hapo. Kocha anayekuja hapa akitukanwa na nyinyi nyote awe na mtu mmoja upande wake. Chukueni hilo au acheni."

Wakachukua. Mikono mia moja na kumi na mbili ilinyanyuka, na miwili ikabaki chini. Mama ameitia mikono hiyo miwili akilini na anaichunguza.

Jina lako litawekwa Jumamosi hii saa nane, kabla ya mechi. Kahawa ni ya klabu. Yeyote aliyekuzomea anakaribishwa pia, Mama atasimama mlangoni kuwatazama mmoja mmoja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Geesje, wanao Jurjen na Roelien, mkweo Annechien, wajukuu wako Hilbrand na Femke, dada yako Wemeltje, majirani wote sita, wa kwanza akiwa Wolter Eising, na Lubbert Wieringa, ambaye Mama amesema aandikwe pamoja na wa nyumbani.

Siku haipiti bila wewe, Baba, na hatutaiacha ipite.